Magige Ananyonya Ndani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ulikuwa bado hujafikisha hata wiki duniani na tayari ulikuwa umetusumbua kuliko ndama aliyetenganishwa na mama yake. Ulilia. Ulilia mpaka kuku wa jirani wakahama. Na mimi, badala ya kukuonea huruma, nilikuwa nawaza ugali.

Najua nasaha hutolewa na watu wenye mvi. Mimi kidevuni nina nywele chache tu, na moja yake nadhani ni uzi wa sweta. Lakini kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, kwa hiyo wewe ni mwanangu upende usipende, na mimi ni mzee wako nikiwa bado navaa kaptura ya shule. Tulia basi. Usinikojolee kabla sijamaliza.

Siku hiyo nilikuwa natoka shuleni na rafiki yangu Marwa, majembe begani, maana tulikuwa tumeshinda kwenye shamba la shule tukijitegemea mpaka mikono ikatoka malengelenge. Njaa ilikuwa inaniuma vibaya. Nikapita jikoni kwa mama, jiko limezimwa. Nikaenda kwa Bibi, mlango umefungwa. Nikasikia sauti za wanawake kwenye nyumba ya kaka yangu Chacha, yaani baba yako. Hapo nikakumbuka: leo mtoto anatafutiwa jina. Leo hakuna wa kupika.

Hapa lazima nikueleze, mwanangu, kwa sababu wewe ulikuwepo lakini macho ulikuwa umeyafumba. Katika ukoo wetu mtoto hapewi jina. Mtoto hujichagulia. Akianza kulia kile kilio kisichotaka ziwa wala mgongo wala kubembelezwa, wanawake wanajua anadai jina lake. Bibi anakaa na kibuyu cha maziwa, anachovya kidole, anataja jina la mmoja wa marehemu wetu na kumgusa mtoto mdomoni. Kama siye, mtoto analia vilevile. Kama ndiye, mtoto ananyamaza na kunyonya, na hapo marehemu amerudi nyumbani. Majina ya marehemu tu. Hiyo "tu" ndiyo iliyoniponza.

Na usidhani majina hayo yalitoka hewani. Wapo wachache ambao hawakudai marehemu yeyote, wakaitwa kwa kile kilichotokea walipozaliwa. Babu mmoja alizaliwa mvua ikinyesha mpaka zizi likageuka bwawa, akaitwa Wambura. Shangazi yetu Bhoke alizaliwa siku ambayo wanaume walirudi na mizinga imejaa asali. Na yuko Magige, mdogo wake babu, aliyezaliwa mwaka wa nzige. Bibi anasema nzige wale walimaliza ulezi, wakamaliza majani, wakaanza kutafuna nyasi za mapaa. Mama mzazi wa Magige hakuwa na chakula. Akawakaanga nzige walewale waliokula shamba lake, akawala, maziwa yakashuka, mtoto akaishi. Jina Magige maana yake ni hao nzige.

Jina hilo lilikuwa langu. Mimi nilipozaliwa nililia hivyohivyo, wakaita wee, walipofika kwa Magige nikanyamaza. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa Magige wa boma letu, na kusema kweli sikuwahi kumshukuru yule mama aliyekula nzige. Shuleni walikuwa wananitania, "Magige, umemaliza shamba la nani leo?" na mimi najibu, "La baba yako." Basi. Huo ndio ulikuwa ujuzi wangu wote kuhusu jina langu.

Turudi kwa zile sauti za wanawake. Nyumba yenu, kama zote za kijiji chetu cha ujamaa hapa Busawe, ina dirisha dogo upande wa njia, maana nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride na kila mtu anasikia jirani akipiga chafya. Nikaweka jembe chini, nikachungulia. Mama yako Gati amekaa kwenye ngozi, macho yamemvimba. Tangu jana yake ulikuwa umekataa ziwa. Bibi anaita, "Wambura!" Unalia. "Mwita!" Unalia. "Nyamhanga!" Unalia mpaka unakuwa wa zambarau kama biringanya.

Marwa akaninong'oneza, "Huyu anataka jina la mkuu wa mkoa."

Nikaona nimpiku kwa utani. Nikapeleka mdomo dirishani, nikakaza koo kama mzee mwenye ugoro puani, nikasema, "Mimi ni Magige! Nimechoka kusubiri huku nje, nipeni maziwa!"

Ukanyamaza.

Mwanangu, ulinyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Kisha nikasikia sauti ndogo, pwa, pwa, pwa. Ulikuwa unanyonya.

Mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu. Nikageuka nimwone Marwa naye akicheka, nikaona mgongo wake tayari uko mbali, anakimbia, jembe ameliacha. Ndani hakuna kigelegele. Mlango ukafunguliwa, Bibi akatoka.

Bibi yangu ni mtu wa kupiga kwanza na kuuliza baadaye. Mwiko wake naufahamu kwa ladha. Siku hiyo alikuwa nao mkononi na hakuuinua. Alisimama akanitazama kama mtu anayemtazama mpita njia.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Bibi, ni mimi. Magige."

"Magige ananyonya ndani."

Akarudi ndani akafunga mlango.

Nilibaki nimesimama pale kama kigingi. Mama alikuwa anarudi kutoka kisimani, akasikia habari kwa wanawake waliotoka, akaachia ndoo ya maji palepale njiani na kuketi kwenye tope. Akaanza kulia kilio cha msiba. Mimi niko mbele yake, mzima, nina njaa, naliliwa!

Kaka Chacha ndiye aliyenifafanulia, kwa meno yaliyobanana. Kijijini wako akina Magige wengine, lakini kila ukoo na marehemu wake. Ndani ya boma moja, marehemu mmoja hawezi kukaa kwa watu wawili. Jina likimwacha mtu akiwa bado anapumua, wazee wetu wanaelewa kwamba mwenyewe ameshaanza safari ya kuondoka, na jina limetangulia kujitafutia mahali pengine pa kukaa.

"Kwa hiyo mimi ninakufa?" nikauliza. Nilitaka iwe mzaha, sauti ikatoka kama ya kifaranga.

"Sijui," akasema. "Jirudishie jina lako."

Kabla sijajibu mama yako akatokea mlangoni, wewe ukiwa umelala kifuani mwake, tumbo limejaa. Gati ni mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Siku hiyo aliipandisha.

"Shemeji, mtoto wangu alikuwa anakufa, sasa amenyonya. Mkimvua jina atakataa tena. Nani atamnyonyesha, wewe? Hapa hapokonywi mtu jina!"

Umeona ilivyokuwa? Nikilichukua jina, huenda ukakataa ziwa ufe. Nikikuachia, mimi ndiye marehemu mpya. Na yote hayo kwa sababu nilitaka ugali.

Siku zilizofuata, mwanangu, sikuwa na jina, na nakuambia hakuna kitu cha ajabu kama hicho. Mama aliniwekea chakula bila kuniita, anagonga sahani kwa kijiko kama anaita mbwa. Watoto wa jirani wakiniona wanahama njia. Baba hakuniambia neno lolote. Baba ni mtu wa maneno machache hata siku za kawaida, lakini ukimya ule ulikuwa mwingine. Alikuwa ananitazama kwa pembeni kama mtu anayekumbuka kitu asichokitaka.

Shuleni nako! Mwalimu wetu ni mgeni, ametoka mikoa ya mbali, mambo yetu hayajui. Akaita majina asubuhi. "Magige!" Darasa zima likanigeukia. Marwa, ambaye alikuwa amerudia jembe lake lakini urafiki hajaurudia vizuri, akaninong'oneza, "Usiitike, jamani, usiitike!" Sikuitika. Mwalimu akanitazama usoni, akaandika kwamba sipo, kisha akanichapa kwa kosa la kutokuwepo. Matako yangu yalikuwepo, hayo ninashuhudia.

Hilo nililicheka, hata kama nilicheka nimesimama. Lakini siku ya sukari sikucheka.

Unajua sukari ya duka la kijiji inagawiwa kwa vichwa. Balozi wa nyumba kumi akapita, akasimama mbele ya nyumba yetu na mkebe wake wa kupimia, akamwambia mama ataje watu wake. Mama akaanza kunyoosha kidole. "Baba yao. Bibi yao. Chacha. Gati. Magige." Kidole kikakuonyesha wewe mgongoni kwa mama yako. Kisha kikaja kwangu, kikabaki hewani. Mdomo wa mama ukafunguka, hakikutoka kitu.

Balozi akasema, "Na huyu mrefu je? Nimweke kama mgeni?"

Mama akajifunika uso kwa kanga na kuingia ndani.

Mama yangu aliyenizaa alikuwa ametaja watu wa nyumba yake, akafika kwangu akakosa neno. Nilikuwa nimezoea kudhani jina ni la mwalimu na la kuitiwa kazi. Kumbe hata mama anakushika kwalo. Balozi alitupimia sukari yangu, Mungu ambariki, lakini chai ile sikuweza kuinywa.

Nikaenda kwa Bibi. Nilimkuta nyuma ya nyumba anasaga ulezi, jiwe linaenda na kurudi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakumalizia na jina kama kawaida yake. Jiwe likaendelea.

"Bibi, mimi nimekosa. Nipige basi tuyamalize."

"Ningekuwa na hakika kwamba wewe ndiye uliyekosa, ningeshakupiga."

Sikumwelewa. Akaacha kusaga. Akaniambia niketi, na Bibi hamwambii mtu aketi kama habari ni fupi.

"Siku ile," akasema, "niliita majina ya marehemu wote wa boma hili ambao hawajarudi. Lipo moja sikuliita."

"La nani?"

"La mwanangu."

Mimi ninawajua watoto wa Bibi. Ni baba na shangazi zangu. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa.

"Wa kwanza alikuwa Matiko. Nilimzaa usiku, hakuna taa, hakuna mtu wa kunishika. Nilimjua kwa mikono kabla sijamwona kwa macho. Ndiyo maana akaitwa Matiko, mtoto wa usiku. Baba yako alikuwa anamfuata kila mahali kama mkia."

Baba alikuwa na kaka! Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia.

"Alikuwa na mdomo kama wako," Bibi akaendelea. "Kila kitu kwake kilikuwa kichekesho. Mto Mara ulikuwa umejaa, ndama akachukuliwa na maji. Wenzake wakamwambia mwache. Akawajibu, 'Ndama wangu hajui kuogelea, na mimi pia sijui, tutafundishana.' Wakacheka. Akaingia huku wanacheka. Ndama alitoka."

Akafuta unga kwenye jiwe kwa kiganja.

"Nilimwita pale ukingoni mpaka sauti ikakauka. Kila jioni nilikuwa nashuka mtoni kumwita. Kisha wakaja watu na malori wakatuambia tuje tukae kwenye hii mistari, nikaacha mto. Nikaapa jina lake halitatoka tena kwenye mdomo wa mtu, na baba yako nikamkataza. Siku ile mtoto alipolia, nilijua anayetakiwa ni nani. Watu wote nimewaita, mmoja nimemficha. Nilitaka kumwita, nikashindwa. Nikawa nanyamaza na mtoto anazidi kuwa wa zambarau. Hapo ndipo ukaja wewe na upuuzi wako dirishani."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na hilo lilinitisha kuliko machozi.

"Mtoto alikuwa amechoka kunisubiri. Akachukua lililokuja."

Sasa, mwanangu, sijui kama ni kweli ulikuwa unamsubiri Matiko. Pengine ulishtushwa tu na sauti yangu mbaya. Pengine maziwa yalikuwa ndiyo yanashuka. Mimi nasoma sayansi, sitaki kuapa. Lakini nilimwona Bibi yangu, mwanamke anayemtisha hata mwenyekiti wa kijiji, amekaa mbele ya jiwe la kusagia akiwa amejibebesha kosa langu lote. Mdomo wangu ukafanya kazi kabla ya akili, kama ulivyozoea.

"Bibi, basi nipe mimi hilo."

Aliinuka, akaniacha na ulezi. Nikajua nimeharibu tena.

Kesho yake jua likiwa bado halijawa kali Bibi akamtuma mama aniite. Nikafika nyumbani kwa Bibi nikakuta ngozi ya ng'ombe imetandikwa, kibuyu cha maziwa kipo, wanawake walewale wapo. Bibi akaniambia, "Lala hapo."

"Mimi?"

"Unamwona mtoto mwingine asiye na jina?"

Nikalala. Miguu ikazidi ngozi, ikabaki kwenye vumbi. Mama yako Gati akaziba mdomo kwa mkono. Mwanamke mmoja akasema, "Huyu mtoto ana masharubu!" Mwingine akasema, "Nani amnyonyeshe, mimi nimeshakoma!" Wakaangua kicheko, na mimi moyoni nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Nilipanga Bibi akiita jina nitalia kama kichanga, ngaa, ngaa, nirushe na miguu, nyumba ianguke kwa kicheko. Baba alikuwa amechuchumaa mlangoni, anachora chini kwa kijiti.

Bibi akachovya kidole kwenye maziwa. Akanigusa mdomo. Kisha hakuniita kama alivyowaita wengine siku yako, kwa sauti ya ndani ya nyumba. Aliinua uso akatazama juu ya vichwa vyetu, akaita kwa sauti ya mtu aliyesimama ng'ambo ya maji.

"Matikooo!"

Sauti ilipasuka katikati. Ile ngaa-ngaa yangu ilinifia kooni. Sijui nani aliyenijibia, maana mimi sikupanga, lakini nilisikia mdomo wangu ukisema:

"Naam, mama."

Bibi akaketi kando yangu. Akaushika uso wangu, akaupapasa kwa vidole, macho ameyafumba, kama mtu anayemtafuta mwanawe gizani.

Na mlangoni kijiti kikavunjika. Baba aliinuka. Baba yangu, mwenye fimbo ya mpera niliyoizoea mgongoni, asiyeongea, alikuja mpaka kwenye ngozi, akasimama juu yangu, midomo inamcheza.

"Kaka," akasema. "Umechelewa sana."

Tangu siku hiyo, mwanangu, baba yangu ananiita kaka. Bado ananituma kuchunga, lakini anasema, "Kaka, hebu katazame ng'ombe," na mimi naona aibu hata kukataa. Kuelekea mtoni hanitumi. Bibi anakuita wewe shemeji, kwa kuwa una jina la mdogo wa mumewe, na anakuchokoza hadharani kwamba huna adabu ya kumnunulia kanga. Mwalimu alilalamika kwamba majina si mashati ya kubadili, kisha akaliandika hilo jipya. Balozi alipopita tena, mama alitaja watu wake, akafika kwangu, akasema "Matiko" bila kusita. Chai ile niliinywa vikombe viwili.

Kwa hiyo nisikilize. Jina ulilo nalo mimi nililitembea nalo miaka yote bila kuuliza, wewe usifanye hivyo. Ukijua kusema, muulize Bibi akiwa bado yupo, akueleze yule mama alivyokaanga nzige, na mtu akikutania kwa jina hilo mweleze kisa chote mpaka ajute. Ukikutana na mtoto mwenye jina la ajabu, kabla hujacheka, jua kuna siku lilipatikana, na siku hiyo huenda kuna mtu alilia. Mimi sikukatazi utani. Matiko alitania, mimi natania, na wewe jinsi unavyonikodolea macho sasa naona utakuwa hatari. Lakini mtu akiwa anaitwa kwa jina lake, wewe funga mdomo usikilize ni nani anayemwita na kwa nini. Na kama unalo jina umelificha moyoni kwa sababu linauma, usilifungie mpaka mtoto awe wa zambarau. Lipe mtu. Na ukiwa na njaa, nenda kapike.

Sasa lala, Magige. Ukue mpaka uinamie mlango. Ng'ombe wako wazae majike, nzige wapite mbali na shamba lako, na wakija uwe na kikaango. Mto ukujue na ukurudishe. Na siku nyumba yako itakapohesabiwa, mama yako anyooshe kidole, akutaje, na wewe uitike.